Punguza seti, usiguse kilo: mazoezi ya nguvu kabla ya mashindano makubwa ya kuogelea

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja, na binti yangu mwenye umri wa miaka 17 huogelea mita 50 na mita 100 za mtindo huru, pamoja na mita 100 za kipepeo. Zimebaki wiki 5 kufika mashindano makubwa ya kanda, yatakayoanza siku ya Alhamisi na kuchukua siku 4 katika bwawa la mita 50. Kwa miezi 7 amekuwa akienda jimu mara 3 kwa wiki: anachuchumaa na chuma cha kilo 60, seti 4 za marudio 5, anajivuta kwenye bomba, na anasukuma chuma akiwa amelala kwenye benchi. Mwaka jana tulisimamisha jimu wiki 4 kabla ya mashindano ili apumzike. Alisema mwili ulikuwa mwepesi lakini hauna nguvu. Alitumia sekunde 29.3 katika mita 50 ilhali muda wake bora ulikuwa 28.9, na mita 15 za mwisho alizimaliza kwa taabu. Sasa kocha mmoja ananishauri aendelee na jimu kama kawaida hadi wiki ya mwisho. Mwingine anasema abadilishe, anyanyue vyepesi mara nyingi. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuuliza mapema, kwa maana wengi huuliza zikiwa zimebaki siku 6, wakati ambapo ushauri hauwezi tena kuongeza kitu bali kuzuia madhara tu. Wiki 5 zinatosha. Nitakujibu kwanza, kisha nieleze sababu: binti yako asiache jimu wiki 4 kabla, asiendelee kama kawaida hadi mwisho, na asihamie kwenye vyuma vyepesi vya marudio mengi. Kilo zibaki pale pale zilipo, kasi ya kunyanyua iongezeke, na kinachopungua kiwe idadi ya seti na marudio, ipungue kwa hatua katika wiki 3 za mwisho, hadi siku ya mwisho ya chuma kizito iwe Jumamosi inayotangulia Alhamisi ya mashindano.

Sababu yake ni hii. Mazoezi huacha mwilini vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani uwezo na uchovu, na wa pili humfunika wa kwanza. Mwogeleaji aliyefanya kazi ya miezi 7 hajui kasi yake halisi, kwa sababu kila siku anaingia majini akiwa na deni la jana. Uchovu hutoka upesi, ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, lakini uwezo hutoka polepole. Kipindi cha kupunguza mzigo, ambacho makocha wengi wamezoea kukiita tepa, kazi yake ni kutumia tofauti hiyo: tunaacha uchovu utoke huku tukimpa mwili kichocheo kidogo kinachotosha kuuzuia uwezo usiondoke pamoja nao. Kipindi hicho kikiwa kifupi mno, deni linabaki. Kikiwa kirefu mno, au kikikata kisichopaswa kukatwa, uwezo wenyewe unaanza kuvuja.

Faida yake si ndogo. Matokeo 99 ya waogeleaji wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 yalilinganishwa na yale waliyoyapata katika mbio zile zile wiki 3 hivi kabla, na 91 kati yake yalikuwa ya kasi zaidi kwenye Olimpiki; kwa jumla, kasi iliongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 2.2. Kwa binti anayetumia sekunde 28.9, kiasi hicho ni zaidi ya nusu sekunde, na wewe unayesimama kando ya bwawa na saa mkononi unajua nusu sekunde katika mita 50 inampitisha mtu mbele ya wangapi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya tafiti za waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli, ulionyesha kwamba matokeo bora hupatikana kwa kupunguza mzigo kwa muda wa wiki 2 hivi, kiasi cha mazoezi kikishuka kwa asilimia 41 hadi 60, huku ukali wa mazoezi na idadi ya siku za mazoezi vikibaki karibu kama vilivyokuwa. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo inayosahauliwa. Kinachopungua ni kiasi, ukali unabaki.

Yapo pia yanayotokea ndani ya msuli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, vipande vidogo vya msuli wa bega vilichukuliwa kwa waogeleaji kabla na baada ya siku 21 za kupunguza mzigo. Nyuzi za kasi, zile zinazotumika mtu anapohitaji nguvu kubwa kwa muda mfupi, zilinenepa na kuongezeka nguvu na wepesi wa kujikunja kuliko zile za polepole. Hizo ndizo nyuzi zinazombeba mwogeleaji wa mita 50 na mita 100, na ndizo zinazofanyishwa kazi na chuma kizito kinachonyanyuliwa kwa kasi. Ukiondoa chuma hicho wiki 4 kabla, unaziacha bila kazi wakati ule ule ambapo zinajijenga.

Sasa turudi mwaka jana, kwa sababu nadhani mlilisoma tatizo kwa nusu tu. Binti alisema hana nguvu, nanyi mkahitimisha kwamba nguvu zilipotea. Nguvu kuu ya msuli, ile inayopimwa kwa kilo ambazo mtu anaweza kunyanyua mara moja, haipotei kirahisi hivyo ndani ya wiki 4. Kuna utafiti wa mwaka 1987 unaolionyesha jambo hili vizuri sana. Waogeleaji waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miezi 5 walipunguziwa kwa wiki 4: wengine waliendelea kuogelea mara 3 kwa wiki, wengine mara moja, na wengine waliacha kabisa. Walipopimwa nguvu za mikono nchi kavu, hazikuwa zimepungua. Lakini walipopimwa majini, makundi yote yalikuwa yamepoteza, kwa wastani, zaidi ya asilimia 13 ya nguvu waliyoweza kuitia kwenye maji. Msuli ulikuwa na nguvu zile zile, ila haukuweza tena kuzifikisha pale zinapohitajika. Mimi huwaambia vijana wangu kwamba nguvu ni unga uliomo ghalani, na kasi ni njia ya kuufikisha jikoni. Njia huota majani mapema kuliko unga unavyoharibika.

Binti yako hakuacha kuogelea, hivyo yawezekana hasara yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Alichopoteza, kwa maoni yangu, ni wepesi wa kutoa nguvu, na wepesi huo ndio unaoonekana kwenye jukwaa la kuanzia. Kama una video ya mashindano yale, pima muda kutoka mlio wa kuanza hadi kichwa kinapopita alama ya mita 15. Ukikuta alichelewa pale, jimu ndiyo inayohusika. Ukikuta mita 15 za kwanza zilikuwa sawa na kawaida yake, na muda wote uliopotea ulipotelea mwishoni, basi hukumu ya jimu iwe nyepesi na tutazame kwingine.

Kwingine kwenyewe ni bwawa. Nachukulia kwamba mazoezi yenu, kama ya timu nyingi hapa nchini, hufanyika katika bwawa la mita 25. Katika bwawa hilo mita 50 zina ukuta katikati, na ukuta ni msaada: mwogeleaji anajisukuma kwa miguu, anateleza chini ya maji, mikono inapumzika kwa muda mfupi, kisha anaendelea. Katika bwawa refu msaada huo haupo, mikono inapiga maji mfululizo tangu anapoibuka hadi anapogusa, na mtu asiyezoea hulegea katika mita 15 za mwisho hata kama ana nguvu za kutosha. Dawa ya hili hufanyika majini. Mara 2 kwa wiki, mwambie ageuke kabla hajafika ukutani, bila kugusa wala kujisukuma, aanze upya kwa mikono peke yake. Mita 50 za namna hiyo zikirudiwa mara 4 hadi 6 kwa kasi kubwa na mapumziko marefu, mwili unaanza kuzoea kukosa ukuta. Afanye hivyo kuanzia sasa hadi siku 10 kabla ya mashindano, kisha aache.

Kuhusu ushauri wa kunyanyua vyepesi mara nyingi, nina sababu ya kuupinga kwa nguvu, kwani niliwahi kuufuata mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, nilikuwa na kijana wa kipepeo aliyekuwa amejiandaa vyema, na siku 10 kabla ya mashindano nikamwondolea vyuma vizito nikampa vya nusu ya uzito, marudio 20 kwa kila seti, nikiamini kwamba namwonea huruma. Kesho yake hakuweza kuinua mikono kuchana nywele. Keshokutwa yake alikuwa na maumivu zaidi, na alipopiga mbizi kutoka jukwaani alitua kama gunia. Uzito ulikuwa umepungua, lakini kazi yote kwa jumla ilikuwa imeongezeka, tena ilikuwa ya namna ambayo misuli yake haikuizoea, na maumivu ya msuli yatokanayo na kitu kipya hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kosa lilikuwa langu, naye ndiye aliyelilipa. Marudio mengi huleta uchovu mwingi na hayaifundishi misuli kutoa nguvu kwa haraka. Yaani unapata hasara pande zote mbili.

Yule kocha anayesema aendelee kama kawaida hadi wiki ya mwisho yuko karibu zaidi na ukweli kwa sababu hataki kuipoteza nguvu, ila anasahau lile deni. Seti 4 za marudio 5 mara 3 kwa wiki ni marudio 60 ya kuchuchumaa na kilo 60, ambayo ni kilo 3,600 zinazopita kwenye miguu ile ile inayotakiwa kupiga maji. Huwezi kubeba hizo hadi Jumamosi kisha utarajie miguu iwe imepoa Alhamisi.

Mpango wangu, basi, ni huu. Wiki 2 za kwanza kati ya hizi 5 afanye kazi kamili kama alivyozoea, mara 3, na hapo ndipo mahali pa mwisho pa kutafuta nguvu mpya. Akiweza kuongeza kilo 2 au 3 kwa mwili ulionyooka na bila kuhangaika, aongeze, na uzito huo ndio utakaobaki hadi mwisho. Katika hesabu zinazofuata nitaendelea kutumia kilo 60. Wiki ya tatu kabla ya mashindano, ondoa siku moja ya jimu na uache mbili zilizobaki zilivyo: marudio 40, kilo 2,400, ambazo ni theluthi moja pungufu. Wiki ya pili kabla ya mashindano abaki na siku 2, lakini seti ziwe 3 za marudio 4: marudio 24, kilo 1,440, yaani asilimia 60 pungufu ya kawaida. Katika siku 7 za mwisho kuna siku moja tu ya chuma, Jumamosi, seti 3 za marudio 3, kilo 540. Katika wiki hizo zote chuma kinabaki cha kilo 60. Ukikiona kinashuka hadi 40 kwa sababu mtu amemhurumia, mrudishe.

Namna ya kunyanyua ina uzito sawa na idadi. Ashuke kwa mwendo wa kawaida, asishuke polepole kwa makusudi, kwa sababu kushuka polepole huku msuli ukizuia mzigo ndiko kunakoleta maumivu ya siku ya pili. Apande kwa kasi yote aliyonayo. Simama ubavuni mwake na simu, umrekodi seti moja ya kila siku. Katika kipindi cha kazi nzito utaona rudio la tano linapanda kwa kusitasita, magoti yakitetemeka kidogo kabla ya kunyooka. Katika wiki ya mwisho rudio la tatu linapaswa kupanda sawasawa na la kwanza, na vibamba vinagongana juu kwa sauti fupi moja anapomaliza. Rudio likianza kupunguza mwendo, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia. Asifike kamwe mahali ambapo chuma kinagoma. Kati ya seti apumzike dakika 3 hadi 4 kamili, akae, anywe maji. Vijana hawapendi kukaa, lakini pumziko hilo ndilo linalofanya kila seti iwe ya kasi.

Kujivuta kwenye bomba kufuate hesabu hiyo hiyo, isipokuwa seti za mabega zipunguzwe mapema zaidi, kuanzia mwanzo wa wiki ya tatu, kwa sababu bega la mwogeleaji halipumziki: likitoka jimu linaingia majini kupiga maelfu ya mizunguko. Zoezi la kusukuma chuma kwenye benchi ningeliondoa kabisa siku 12 kabla. Waogeleaji wengi wamejikunja mabega kwa mbele, na zoezi hilo huzidi kuyavuta huko. Faida yake kwa mbio ya mita 50 ni ndogo kuliko hatari ya bega kuuma katika wiki ambayo huna muda wa kulitibu. Mazoezi madogo ya mpira wa kuvuta kwa ajili ya kulinda bega yaendelee kila siku hadi asubuhi ya mashindano, kwa kuwa hayachoshi. Na katika siku 21 za mwisho lisiingizwe zoezi jipya hata moja, hata kama umeliona kwa bingwa wa dunia.

Nikitaja bingwa wa dunia, najua vijana wengi wamemwona Cameron McEvoy wa Australia, aliyetwaa dhahabu ya mita 50 za mtindo huru Paris mwaka 2024 kwa sekunde 21.25, akiwa amepunguza sana maji na kutegemea nguvu za nchi kavu kwa kiasi ambacho wengi walidhani hakiwezekani. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini yeye ni mtu mzima mwenye miaka mingi ya maji mwilini mwake. Binti wa miaka 17 bado anajengeka, anaogelea pia mita 100, na hawezi kuiga hesabu zake. Mfano ulio karibu naye zaidi ni wa akina Kirabo Namutebi, aliyeogelea mita 50 za mtindo huru katika Olimpiki ya Tokyo, na Gloria Muzito, aliyeogelea mita 100 za mtindo huru Paris: mabinti wa Uganda katika mbio zile zile anazoogelea yeye. Kuwataja mbele yake kunamwonyesha kwamba anakoelekea kuna njia.

Sasa, utajuaje kwamba mpango unafanya kazi? Huna maabara, nami sina. Kinachotosha ni kipande cha chaki. Mwambie asimame ubavu kwa ukuta, anyooshe mkono juu na uweke alama kidole kinapofika. Kisha apake chaki ncha za vidole, achuchumae, aruke na kugusa ukuta juu kadiri awezavyo. Mara 3, na unachukua ya juu zaidi. Tofauti kati ya alama mbili ndiyo namba yako. Fanya hivyo Jumatatu na Alhamisi kabla ya mazoezi, akiwa amepasha mwili joto, kuanzia wiki hii, na uandike kwenye daftari. Katika wiki za kazi kamili namba itashuka au kuganda, na hilo lisikutishe, ndivyo deni linavyoonekana. Kuanzia wiki ya pili kabla ya mashindano inapaswa kupanda. Niliwahi kuwa na mwogeleaji ambaye alama yake iliganda kwa wiki 3 mfululizo kwenye sentimita 41, kisha siku 9 kabla ya mashindano akaruka 43, na siku 4 kabla, 45. Mama yake alifuta ukuta mzima wa nyuma ya nyumba lakini alama hiyo ya mwisho aliiacha. Ikifika siku ya 8 kabla ya mashindano na namba ya binti yako bado iko chini ya ile ya leo, ifute Jumamosi ya chuma, afanye miruko michache tu, na umwongezee usingizi. Na ikiwa ilipanda vizuri halafu ikaanza kushuka zikiwa zimebaki siku 3 au 4, basi amepumzika kupita kiasi, na ile kazi fupi ya Jumanne nitakayoieleza hapa chini ndiyo itakayomwamsha.

Kuhusu maji, nitasema kwa ufupi. Jimu ianze kupungua takriban wiki moja kabla ya bwawa, kwa sababu uchovu wa chuma huchelewa kutoka kuliko wa maji. Umbali wa kuogelea ushuke hadi karibu nusu katika siku 14 za mwisho, lakini siku za kuingia majini zisipungue kwa zaidi ya moja, ili asipoteze hisia ya maji mkononi. Siku ya chuma iwe ile ile ya mazoezi makali ya majini, chuma kikifuata baada ya maji, ili siku nyepesi zibaki nyepesi kweli. Kuna wanaotandaza kazi kila siku kidogo kidogo, wakidhani wanapunguza. Mwili wao haupati siku hata moja ya kupona.

Atakuja kukuambia, kati ya siku ya 4 na ya 8 tangu mlipoanza kupunguza, kwamba anajisikia mzito, mvivu, miguu kama ya udongo. Hilo ni la kawaida kabisa na hupita. Mweleze mapema, kabla halijatokea, kwa sababu kijana asiyeambiwa hudhani kwamba anapoteza kila kitu alichokijenga, na usiku anafanya pushapu chumbani mlango ukiwa umefungwa. Nimewakuta wengi wakifanya hivyo. Nanyi wazazi mna majaribu yenu: mnapoona mtoto ana muda mwingi, mnamtuma sokoni, mnampa kazi zilizokuwa zimesubiri, mnamsimamisha juani kwenye sherehe ya jamaa. Siku hizo 14 zimetengwa kwa ajili ya kupona, na anayezigusa anagusa kazi ya miezi 7.

Chakula kisipunguzwe sana. Kwa kuwa kazi imepungua, hatahitaji kiasi kile kile, na njaa yenyewe itamwongoza. Abaki na matoke, posho, wali, maharage, mayai na samaki wake kama alivyozoea. Akiongezeka kilo moja hivi usimwambie kitu: msuli unaopumzika huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo uzito huo ni akiba ya mbio. Alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku, ndani ya chandarua, kwa maana malaria ya wiki ya mwisho imemaliza matayarisho ya wengi kuliko kosa lolote la kocha. Unga au vidonge vya kuongeza nguvu ambavyo hajawahi kutumia visiingie nyumbani; vingine huwa na vitu vilivyopigwa marufuku ambavyo havijaandikwa kwenye kopo, na atakayejibu mbele ya wapima dawa ni yeye, si aliyemuuzia.

Iwapo mtasafiri kwa basi usiku kucha, hesabu ya siku ibadilike kidogo. Mwili uliokaa kwenye kiti saa 10 au 12 hauna tofauti kubwa na mwili uliofanya kazi. Siku ya kufika iwe ya kutembea, kuogelea polepole dakika 20 na kulala, bila miruko wala mbio za kujipima.

Limebaki la Jumanne, siku 2 kabla ya kuanza. Siku hiyo hakuna chuma. Baada ya kupasha mwili joto vizuri, aruke juu kwa nguvu zote mara 3, apumzike dakika 2, na kurudia mara 3. Kisha achukue mpira mzito wa kilo 3, auinue juu ya kichwa na kuupiga chini kwa nguvu zote mara 4, mizunguko 2. Kazi yote haipiti dakika 20, na anapaswa kutoka akitamani iendelee. Kisha aingie majini, apige mbizi 4 kutoka jukwaani hadi mita 15, kila moja kama ya mashindano, na mapumziko kamili kati yake. Kwa kuwa hajawahi kufanya hivi siku 2 kabla ya mbio, mjaribu kwanza siku 2 kabla ya jaribio lenu la muda mtakalofanya wiki ijayo. Wapo wachache ambao huwachosha badala ya kuwaamsha, na kama yeye ni mmoja wao, Jumanne hiyo iwe ya mbizi peke yake. Katika siku 4 zenyewe za mashindano, kila asubuhi kabla ya kupasha mwili joto majini, miruko 3 inatosha.

Niandikie namba za chaki za wiki mbili za kwanza pamoja na ule muda wa mita 15 kutoka kwenye video ya mwaka jana, nami nitakuambia kama Jumamosi ya chuma ibaki pale nilipoiweka au isogezwe nyuma kwa siku mbili.